Plagi Kwanza, Mkono Baadaye

Leo tunaingia katika karakana za useremala. Mafundi mnaonisikia, nawaomba mzime mashine kidogo msogee karibu na redio. Na nyinyi wazazi wenye vijana wanaojifunza ufundi, msiondoke, maana haya yanawahusu sana.

Mazungumzo yetu leo ni ya mikono. Mikono ya watu wanaosafisha mashine za mbao. Nimesema wanaosafisha, sikusema wanaopasua. Kupasua kila mtu anakuogopa. Fundi anaposukuma ubao kwenye msumeno wa meza, macho yake yako kwenye meno, masikio yanafuata mlio, miguu imekaa sawasawa, na ukimwita hajibu mpaka ubao umalizike. Yuko katika kazi. Lakini mlio ukishanyamaza, mtu hulegea. Anacheka na mwenzake, anaulizia chai, anachukua kitambaa, anainama, anatia mkono chini ya meza kutoa maranda. Mashine za viwandani duniani kote hujeruhi watu wengi katika saa hiyo: saa ya kusafisha, ya kurekebisha, ya kutoa kipande kilichokwama. Mtu ameacha kuogopa, na mashine haijaacha kuwa hatari.

Kwa nini nimechagua jambo hili? Kwa sababu sisi Wapemba hatari zetu za zamani tunazijua na tunazizungumza. Msimu wa karafuu ukifika, kila nyumba inasema juu ya kuanguka mkarafuuni. Mzee anamwambia kijana: jaribu tawi kabla hujalikanyaga, usipande kumenyesha, angalia kamba yako. Mvuvi anamwonya mwanawe juu ya upepo na mkondo. Maneno yapo, yamerithiwa. Lakini mashine ya umeme ya kupasulia na kupigia randa ni mgeni katika vijiji vyetu vingi, na maneno ya kuionya bado hatujayarithi. Babu wa fundi wa leo alipiga randa kwa mkono. Alikuwa na msumeno, patasi, tezo na keekee. Akijikata, alijikata kwa nguvu ya mkono wake mwenyewe, na mkono ukisimama, chombo kinasimama.

Mwaka 2010 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Wesha, hapa Chake Chake. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli, na wenye karakana wanakumbuka hali ilivyokuwa. Waya ule umetuletea heri nyingi. Umetuletea barafu ya samaki, umetuletea mashine za kusaga, na umetuletea mashine za mbao. Leo ukipita Machomane, ukipita Limbani kule Wete, ukienda Konde, unasikia msumeno unalia tangu asubuhi. Milango, madirisha, makabati, vitanda vya samadari, madawati ya skuli. Kazi imekuwa nyepesi, vijana wamepata riziki. Basi na maneno ya kuonyana nayo yaje, yawe mengi kama ya mkarafuu.

Sasa nawauliza swali la kwanza. Katika karakana, ni nani anayesafisha mashine?

Jibu mnalo. Ni yule mdogo kabisa. Fundi mkuu anapasua, fundi wa pili anapima na kuunga, na mwanagenzi aliyeingia mwezi uliopita ndiye anayeambiwa: haya, safisha tufunge. Na anaambiwa saa ngapi? Jioni. Jua linazama, mwili umechoka, watu wanataka kuwahi Magharibi, mteja wa mwisho anapiga simu. Mwangaza ni mdogo. Yaani kazi inayohitaji kuijua mashine ndani na nje tunampa asiyeijua kabisa, tena katika saa mbaya kuliko zote. Na mtoto wa watu, kwa adabu, hasemi sijui. Anasema naam fundi, anainama.

Mimi naona kosa letu kubwa liko hapo. Tunaihesabu kazi ya kusafisha kuwa kazi ya ufagio. Sio. Kusafisha msumeno ni kazi ya fundi sawa na kupasua, kwa sababu ndiyo kazi pekee inayoupeleka mkono mahali ambapo wakati wa kupasua mkono haukubaliwi kufika.

Nataka sasa tuitazame mashine yenyewe. Nawaomba mtazame feni iliyo juu ya vichwa vyenu, kama mko ndani na feni mnayo. Ukiizima, inasimama papo hapo? Haisimami. Inaendelea kuzunguka, polepole, polepole, mpaka ichoke. Na umeme ukikatika usiku, ukarudi alfajiri, feni hufanya nini? Huwaka yenyewe. Hakuna aliyenyanyuka kuigusa. Swichi yake ilikuwa wazi tangu jana, ikingoja.

Msumeno wa mbao una tabia hizo hizo mbili. Hazionekani, na zote mbili hukutana na mkono wa anayesafisha.

Tuchukue ya kwanza. Msumeno wa meza wenye upana wa sentimita 30, mota yake ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda kasi ya kama kilomita 170 kwa saa. Mtu mzima, akishtuka, huchukua karibu robo ya sekunde kuurudisha mkono. Katika robo hiyo ya sekunde msumeno umeshazunguka mara 12. Kama una meno 40, basi meno karibu 500 yameshapita kabla kichwa chako hakijauambia mkono rudi. Kwa hivyo ndugu yangu usiseme mimi mwepesi, mimi nina macho. Wepesi wa binadamu haumo katika hesabu hii.

Ukibonyeza swichi ya kuzima, uzito wa msumeno na mota unaendelea kuuzungusha. Mashine mpya nyingi zina breki, husimama baada ya sekunde chache. Mashine nyingi tulizonazo, zilizonunuliwa zimeshatumika kwingine, hazina breki. Huzunguka nusu dakika, nyengine zaidi. Na ngoma ya visu ya mashine ya randa ni hatari zaidi katika hili, kwa sababu ni chuma cha mviringo, laini kwa macho. Ikizunguka, huwezi kuona meno yakipita. Unaona kitu kinachong'aa, kimetulia. Sasa ongeza taa za tyubu. Taa hizi zinawaka na kufifia kwa kufuata umeme, haraka sana hata jicho halitambui, na chini ya mwanga wake chuma kinachozunguka kwa kasi fulani kinaweza kuonekana kimesimama kabisa. Kimesimama kwa jicho, kinazunguka kwa kweli. Kwa hivyo macho peke yake hayatoshi. Ngoja, sikiliza mlio umalizike wote, kisha tupa ukuni mwembamba au gusa kwa fimbo ndefu. Usijaribu kwa kidole.

Tabia ya pili ni ile ya kuwaka yenyewe. Hii hapa kwetu naiogopa kuliko ya kwanza. Umeme wetu hukatika, tunalijua hilo. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi mwenye bidii anasema nini? Anasema, haya, tusikae bure, tusafishe mashine. Fikra njema. Lakini swichi ameizima? Mara nyingi hakuizima, kwa sababu mashine ilisimama yenyewe. Swichi iko wazi. Mtu ameinama, mkono umo ndani unafuta visu, na huko mbali, mtu asiyemjua, katika kituo cha umeme, anarudisha laini. Mashine inaanza. Hakuna wa kumlaumu pale karakanani, hakuna aliyebonyeza kitu.

Zipo swichi za usalama, zilizotengenezwa makusudi kwa jambo hili. Umeme ukikatika, swichi inajitoa yenyewe, na umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze upya. Wenye karakana, mjaribu mashine zenu. Kila mtu akae mbali, washa mashine bila ubao, mtu mmoja azime umeme kwenye swichi kuu, ngoja isimame, kisha arudishe. Ikiwaka yenyewe, mwite fundi umeme aibadilishe swichi hiyo. Ni kazi ya nusu siku.

Na ubadilishe au usibadilishe, neno la leo ni hili, nami nitalirudia mpaka mlichoke: plagi kwanza, mkono baadaye. Kuzima swichi hakutoshi. Swichi inaweza kuguswa na kiwiko, inaweza kubonyezwa na mtoto aliyekuja kumwita baba yake, inaweza kuwa mbovu. Chomoa plagi kwenye soketi. Na ukishaichomoa, usiiache ikining'inia ukutani ambapo mwenzako ataiona na kuirudisha kwa nia njema. Ivute mpaka pale ulipo, iwe mbele ya macho yako muda wote unaofanya kazi. Plagi ukiiona, mashine haina pa kupata umeme.

Mtaniuliza: na mashine kubwa, zile za umeme wa njia tatu zilizofungwa moja kwa moja ukutani, hazina plagi, tufanyeje? Swali zuri. Hizo zina swichi kuu kwenye boksi. Zima pale, funga boksi kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule yule mwenye mkono ndani ya mashine. Usiwe mfukoni mwa bosi, wala usining'inizwe msumarini. Kama wanaosafisha ni wawili, kila mmoja na kufuli lake. Marekani tangu 1989 wana kanuni maalumu ya serikali inayowalazimisha waajiri kufunga mashine kwa kufuli namna hii kabla ya kuitengeneza au kuisafisha. Sisi tusingoje kulazimishwa. Kufuli la bei ndogo sokoni Chake linatosha.

Umeshachomoa, umeshafunga. Kuna jambo moja zaidi ambalo mafundi wengi hulisahau: bonyeza swichi ya kuwasha. Ndiyo, bonyeza, makusudi, kila mtu akiwa mbali. Kama haikuwaka, sasa una hakika kwamba ulichomoa plagi ya mashine hii na hukuchomoa ya jirani yake. Waya katika karakana zetu zimepishana, tunazijua. Ukishajaribu, rudisha swichi kwenye kuzima.

Sasa ndiyo tusafishe. Hapa nataka tukae kidogo, maana hata mashine isiyo na umeme ina makali.

Tuanze na mashine ya randa. Maranda yamejaa kwenye mdomo wa kutolea, yameshindiliwa, hasa kama ubao ulikuwa mbichi. Vijana hutia vidole kuyachokoa. Nyuma ya maranda yale, kiasi cha upana wa kiganja, kuna visu vitatu. Huvioni, vimefunikwa. Tumia fimbo ya mbao, tumia burashi yenye mpini mrefu. Mkono usiingie mahali ambapo jicho halikutangulia.

Kisha vile visu. Utomvu na vumbi vimeganda pale kisu kinapokutana na ngoma. Kijana anachukua kitambaa, anashika ngoma kwa mkono wa kushoto, anafuta kwa mkono wa kulia. Kitambaa kinanasa kwenye ncha ya kisu. Anavuta. Ngoma inazunguka robo mzunguko, kwa sababu ni nyepesi kuzunguka, imetengenezwa izunguke. Na kisu cha pili kinakuja juu, kinavikuta vidole vya mkono wa kushoto. Hakuna umeme hapo. Plagi iko chini. Mtu amekatwa na mashine iliyolala.

Dawa yake ni kabari. Kata kipande cha mbao, kitie kati ya ngoma na meza, ngoma isiende mbele wala nyuma. Futa kwa burashi, na ukifuta kwa kitambaa fuata urefu wa kisu, ukianzia mgongoni kwake, usiende dhidi ya makali. Ukitaka kisu kinachofuata, toa kabari, zungusha, rudisha kabari. Na usizungushe kwa kuvuta mkanda. Mkanda unakokutana na puli ndipo ncha ya kidole inapobanwa, na ukiendelea kuvuta kwa mkono mwengine unajiponda mwenyewe. Zungusha kwa kipande cha mbao.

Kwenye msumeno wa meza, tabu kubwa ni utomvu. Mafundi wa mfenesi wananielewa. Mfenesi ni mbao nzuri, rangi yake ya manjano inapendeza, lakini utomvu wake unaganda kwenye meno, msumeno unapata moto, ubao unaungua. Mnazi nao, ule mti mgumu wa mnazi mkongwe, unamaliza makali upesi. Basi fundi anataka kuyasafisha meno, na wengine huusafisha msumeno ukiwa mahali pake, tena wapo wanaouwasha na kuushikizia burashi ya waya huku unazunguka. Kwa Mungu mmoja, jambo hilo liacheni. Litoeni kabisa katika karakana zenu.

Msumeno unasafishwa nje ya mashine. Plagi chini, vaa glovu nzito za ngozi, zuia msumeno kwa kipande cha mbao, fungua nati kwa spana inayoikaa sawasawa. Spana ikiwa kubwa kuliko nati itateleza, na mkono wako utakwenda kwenye meno kwa nguvu zote ulizotia. Ukishautoa, ulaze ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uache uloweke, unywe chai yako. Utomvu utalegea, utautoa kwa burashi ya kawaida. Petroli usitumie, moto wake hauna msamaha, na karakana imejaa vumbi la mbao. Ukimaliza, ukaushe na uupake mafuta kidogo, kwa hewa yetu hii ya chumvi.

Nimetaja glovu, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu huchanganya. Glovu ni za kushikia msumeno au kisu wakati mashine imekatwa umeme. Mashine inapozunguka, usivae glovu. Nasema tena: mashine inapozunguka, usivae glovu. Kidole kitupu kikigusa jino kinakatwa, na hilo ni baya. Kidole ndani ya glovu kinakamatwa, kinavutwa, na mkono mzima unafuata. Kadhalika mikono mirefu ya kanzu iliyofunguka, kadhalika pete, kadhalika saa. Mwanagenzi aliyeoa juzi, pete yako iache nyumbani, mke wako ataelewa ukimweleza sababu.

Na kompresa ya kupulizia? Inasaidia kufikia pembeni, lakini inarusha vijiti machoni na inajaza vumbi kifuani. Kama unayo mashine ya kufyonza vumbi, hiyo ni bora. Kama huna, burashi na fimbo. Na kama ukipuliza, vaa miwani, na usijipulizie mwilini kujikung'uta. Upepo ule ukiingia kwenye jeraha dogo hupenya chini ya ngozi.

Ukishamaliza, rudisha kinga zote mahali pake. Ile kofia ya msumeno, kifuniko cha mkanda, vyote. Najua kinga nyingi zimetupwa nyuma ya karakana kwa sababu zinachelewesha kazi. Zitafuteni. Angalia spana haikubaki juu ya meza, angalia kabari imetoka, waambie wenzako, nawasha. Hapo ndipo plagi inarudi ukutani.

Nawageukia sasa wenye karakana. Zanzibar ina sheria yake ya usalama na afya kazini, Sheria Namba 8 ya mwaka 2005. Inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pasipodhuru watu wake, na aweke kinga kwenye mashine, na awafundishe. Sheria haisemi kiwanda kikubwa tu. Karakana yenye mafundi watatu chini ya bati nayo ni mahali pa kazi. Na watoto: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inakataza mtoto kupewa kazi ya hatari. Mashine ya mbao ni kazi ya hatari, na kuisafisha kumo humo. Kijana wa skuli anayekuja wakati wa likizo kusaidia, apange mbao, ashike tepu, apige msasa kwa mkono. Mashine asiitie mkono.

Jambo jengine la kuweka wazi. Mara nyingi mnasikia kwenye redio za Bara habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko ule ni wa Tanzania Bara. Kazi na ajira si jambo la Muungano, na sisi tuna sheria zetu wenyewe za fidia. Ukiumia kazini hapa Pemba, uliza ofisi ya kazi ya hapa, na uulize mapema. Na mwajiri, usimwambie kijana nenda nyumbani ukapone kimya kimya. Ajali isiyoandikwa haina fidia, na tena haina wa kujifunza kwayo.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza kazi hii vizuri, pale Vitongoji tuna Kituo cha Mafunzo ya Amali, na kule Kengeja tuna skuli ya ufundi. Kijana aliyefundishwa kuizima mashine kabla ya kufundishwa kuiwasha ni mali ya mwenye karakana.

Wapo watakaoniambia: huko nje kuna misumeno inayojizima ikigusa ngozi. Ni kweli. Mmarekani mmoja, Steve Gass, aliivumbua mwaka 1999. Msumeno hupitishiwa umeme mdogo; ngozi ikiugusa, umeme huo hubadilika, na msumeno husimama katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Ni jambo la kusifiwa. Lakini bei yake si ya karakana zetu, na kwa kile kisu cha randa kilichomkata kijana wetu mashine ikiwa imelala, isingemfaa. Plagi haina bei. Plagi kwanza, mkono baadaye.

Na tufikirie ni nini kinachopotea. Kidole gumba peke yake kinabeba karibu nusu ya kazi ya mkono. Bila gumba hushiki nyundo, hufungi kamba ya ngalawa, huchumi karafuu sawasawa. Mkono wa kulia ndio tunaolia chakula, ndio unaotolewa kumwamkia mzee. Wale miongoni mwetu waliopoteza vidole wanafanya kazi bado, nawavulia kofia, lakini hakuna hata mmoja ambaye angetaka mwanawe aipate elimu hiyo kwa njia aliyoipata yeye.

Kabla hatujaagana, lipo la mwisho ambalo kila mtu alijue, hata asiyekanyaga karakana. Likitokea, Mungu aepushe, tufanye nini?

Kwanza zima umeme, ili asiumie wa pili. Chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa nguvu, na unyanyue mkono juu ya kifua. Endelea kukandamiza, usifungue kila mara kutazama. Pete ivue mapema, kabla mkono haujavimba. Usitie kahawa, usitie majivu, usitie mafuta ya taa wala dawa ya meno. Hivyo vyote daktari atalazimika kuvikwangua.

Kama kidole kimekatika chote, kitafuteni kwenye maranda, msikiache. Kiosheni taratibu kwa maji safi, kifungeni ndani ya kitambaa safi kilichotiwa unyevu, kitieni kwenye mfuko wa nailoni na mfuko ufungwe. Mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu yenye maji. Kidole chenyewe kisiguse barafu, wala kisitumbukizwe majini, kitaharibika. Barafu tunayo, kila soko la samaki ipo. Mpelekeni majeruhi hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake, Micheweni, au Abdalla Mzee kule Mkoani, na kidole chake mkononi mwa anayemsindikiza. Huenda kisiungike, hasa kama kimesagika, na huenda ikabidi apelekwe Unguja; daktari ndiye atakayeamua, lakini mpeni nafasi ya kuamua. Na hata jeraha likiwa dogo, likiwa ni mkwaruzo wa kisu chenye kutu, aende akachomwe sindano ya pepopunda.

Andikeni namba ya simu ya hospitali na ya mwenye gari wa karibu, kwa chaki, juu ya ukuta wa karakana, leo hii. Andikeni kubwa, mtu aliyetaharuki aweze kuisoma.

Wiki ijayo panapo majaaliwa tutazungumza juu ya vumbi la mbao na kifua.